Kuitembea Skyrim kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Wachezaji wa Lamu

Kijana aliyenifanya niandike mwongozo huu wa gemu la Skyrim alikuja barazani baada ya Isha, huku Langoni, akakaa pembeni na kikombe cha kahawa chungu akakisahau mkononi. "Ami, ile kucha ya dhahabu yafunguaje mlango?" Watu watatu tukamjibu kwa pamoja. Wawili walitaja wanyama watatu, kila mmoja kwa mpangilio wake, wakaanza kubishana wao kwa wao. Wa tatu alisema neno moja tu: "Igeuze." Kijana akainywa kahawa yake ikiwa imeshapoa, akaenda zake. Kesho yake alirudi anacheka peke yake. Tangu siku hiyo kwetu ni kanuni: mwenzako unamwonyesha njia, kilichomo sandukuni unakinyamazia.

Gemu lenyewe ni Skyrim, la tano katika mfululizo wa The Elder Scrolls, lililotengenezwa na Bethesda Game Studios na kutoka tarehe 11 Novemba 2011. Ni nchi nzima ya kubuni: majimbo 9, milima ya theluji, majoka, makaburi ya kale, mashamba, wezi, wachawi. Misheni kuu ipo, lakini waweza kuiweka kando miezi mitatu ukawa unachuma maua na hakuna atakayekugombeza. Ndiyo maana watu wawili waliolicheza saa mia moja kila mmoja wakikutana, husimuliana kama waliosafiri nchi mbili tofauti. Haya ninayoandika ni ya anayeanza, hasa anayeanza na wenzake, kompyuta ikiwa moja au mbili.

Mashine, chumvi na stima

Kwenye kompyuta utakutana na matoleo mawili. Lile la 2011 ni jepesi, RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 6 hulitosha. Special Edition, iliyotoka Oktoba 2016, inataka RAM ya GB 8, nafasi ya GB 12, Windows ya biti 64, na kadi ya picha yenye kumbukumbu yake yenyewe, angalau GB 1. Hiyo kadi ndiyo huwakwamisha wengi. Laptopu za mtumba zilizotoka maofisini zina RAM ya kutosha na kadi hamna. Mimi nilinunua moja Mombasa, muuzaji akaniapia kwamba inacheza kila kitu. Gemu lilifunguka, ni kweli, ila joka lilikuwa likiruka kama picha za ukutani zinazobadilishwa moja moja. Kabla hujatoa pesa, andika dxdiag kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, fungua ukurasa wa Display, usome jina la kadi kwa macho yako.

Kupakua GB 12 kwa bando la simu ni kujitia hasara. Chagueni mmoja mwenye intaneti nzuri apakue usiku, kisha wengine wachukue kwake. Tangu 2023 Steam, duka la mtandaoni la gemu, inaweza kuhamisha faili za gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya mtandao mmoja wa nyumbani, na bando haliguswi isipokuwa kidogo tu. Hii haina maana ya kulipata bure, kila mtu awe amelinunua kwenye akaunti yake. Na kama nyumba ni ya mji wa kale, kumbuka kuta za matumbawe na chokaa. Wi-Fi iliyo chumba cha ndani haifiki dakani, kwenye kibaraza cha mlangoni. Sisi huteremka wote kiwandani, yaani uani ndani ya nyumba, tukaweka ruta juu ya kiti katikati. Likishaingia, liwashe mara moja ukiwa na intaneti, halafu uiweke Steam katika hali ya bila mtandao. Skyrim ni gemu la mtu mmoja, halihitaji intaneti kuchezwa.

Chumvi ni adui wa kimyakimya. Laptopu inayokaa dirisha la baharini hufanya kutu kwenye matundu ya chaja na USB kabla hujamaliza gemu. Icheze ndani, ifunike kitambaa ukimaliza, na vumbi la feni ulitoe kwa brashi laini ya rangi mashine ikiwa imezimwa. Usipulize kwa mdomo, unatia unyevu. Usiilaze juu ya godoro hata siku moja. Vipande viwili vya mbao chini yake, nyuma juu kidogo, joto linapungua sana.

Stima nayo ina mambo yake. Ikikatika una betri ya laptopu, lakini mwenye kompyuta ya mezani bila UPS, ile betri ya akiba, hana lake. Rafiki yangu alipoteza saa nne ndani ya kaburi moja, na alipowasha tena alijikuta bado yuko mlangoni, na mhalifu wa kwanza anamsubiri. Kwa hiyo zoea F5 kama unavyozoea kupangusa jasho. F5 inasevu haraka, F9 inakurudisha pale uliposevu. Gemu hujisevu lenyewe pia unapoingia mlango au kulala, lakini linaweka nakala chache na kufuta za zamani, basi usilitegemee. Kabla ya jambo kubwa sevu kamili kutoka kwenye menyu.

Mkiwa mnagawana kompyuta moja, kila mtu ampe mhusika wake jina lake mwenyewe, si majina ya kishujaa yanayofanana. Toleo la zamani hupanga sevu zote katika orodha moja. Tulikuwa na wawili wote wanaitwa Simba, mmoja akasevu juu ya mwenziwe, na urafiki ulirudi baada ya wiki mbili. Faili zenyewe zimo ndani ya Documents, kisha My Games, kisha folda ya Skyrim, kisha Saves. Kila Ijumaa zinakiliwe kwenye flashi.

Kumchagua mtu wako

Hapa usipoteze jioni nzima. Jamii ziko 10 na hakuna inayokufungia kitu. Gemu hili linakuza unachokitumia: ukipiga upanga, upanga unapanda, ukinyata, kunyata kunapanda. Nord wana kinga ya asilimia 50 dhidi ya baridi, Breton asilimia 25 dhidi ya uchawi, Khajiit huona gizani. Vijana wa huku karibu wote huanza na Argonian, kwa sababu anapumua chini ya maji. Nawaelewa, na mimi nilifanya vivyo hivyo. Nilizamia kila ziwa nililolikuta, nikapata samaki wakali waitwao slaughterfish na sanduku moja moja la maskini. Mali ya Skyrim iko mapangoni. Anayeanza achukue Nord au Breton, asonge mbele.

Saa ya kwanza

Gemu linaanza ukiwa umefungwa mikono kwenye gari la farasi, unapelekwa kukatwa kichwa katika mji wa Helgen. Joka linashuka, mambo yanavurugika, na unaambiwa umfuate Ralof, muasi, au Hadvar, askari wa dola. Fuata yeyote. Ukimfuata Ralof utakaribishwa kijiji cha Riverwood na dada yake, ukimfuata Hadvar utakaribishwa na ami yake mhunzi. Uamuzi huo haukufungi na upande wowote wa vita vya waasi na dola baadaye.

Ukitoka kwenye pango mnalotorokea, njia inateremka. Ziwa litakuwa kushoto kwako, na kabla ya kufika Riverwood utaona mawe matatu yaliyosimama kwenye mwinuko, yana matundu. Ni la Shujaa, la Mchawi na la Mwizi. Gusa moja, na fani za kundi lake zitapanda kwa kasi zaidi kwa asilimia 20. Wengi huyapita mbio wakimfuata mwenyeji wao. Usihofu kukosea, waweza kurudi kulibadilisha wakati wowote.

Kibla na suheli

Sasa tufike penye kiini. Juu ya kioo kuna dira, mstari mrefu wenye herufi za pande nne, na alama ndogo ndogo zinatokea juu yake ukikaribia mahali. Alama tupu ni pale ambapo hujawahi kufika, alama nyeupe iliyojaa ni pale ulipokwisha kufika. Mchezaji mpya huutazama mshale wa misheni tu, akaufuata kama mbuzi aliyefungwa kamba, na akiulizwa amepita wapi hajui.

Mzee mmoja, nahodha wa jahazi tangu ujana wake, alikuwa akipenda kukaa nyuma yetu akitazama. Siku moja kijana alikuwa amepotea mlimani, theluji inavuma, kioo kizima kimekuwa cheupe. Mzee akauliza, "Kibla ki wapi?" Tukacheka. Akasema tena, bila kucheka, "Nauliza, kibla ki wapi hapo?" Kijana akageuka mpaka herufi ya kaskazini ikakaa katikati ya dira. Mzee akamwambia, "Haya. Mji ulitoka nao upande gani?" Suheli. "Basi ipe theluji mgongo." Ikawa ndiyo njia.

Kwa wasio wa huku: Makka iko karibu sawasawa kaskazini ya Lamu, na mabaharia wetu waliita kaskazini kibla na kusini suheli, hili la pili likiwa jina la nyota. Tukaishika lugha hiyo, na tumeona inafaa kuliko kusema "kule juu kulia". Fanya hivi. Kila ukifika mji au mnara mkubwa, simama, zunguka polepole, utaje kwa sauti kitu kimoja unachokiona kila upande. Baada ya siku chache utajua nchi bila kufungua ramani.

Halafu uwe na daftari. La karatasi, la shule, si simu. Letu lina safu tano: umetoka wapi, elekea wapi, alama ya njiani, mwendo, hatari. Kuna safu ya sita imeandikwa "ndani", na hiyo kila mstari ina kistari tu. Hivi ndivyo mstari mmoja unavyosomeka:

"Kutoka Winterhold. Shika suheli, panda mlima. Alama: sanamu ya mwanamke mkubwa kuliko mnara wa msikiti, mikono juu, mmoja una nyota, wa pili una mwezi. Mwendo: kahawa moja. Hatari: theluji, huoni mbele. Ndani: —"

Kahawa moja ni muda wa mtu kukimaliza kikombe bila haraka. Tulijaribu dakika, kila mmoja alikuwa na dakika zake.

Ili daftari liwe na maana, kuna sharti gumu kidogo: saa kumi za mwanzo hakuna kuruka kwa ramani. Gemu hukuruhusu kubonyeza mahali ulipowahi kufika ukatokea hapo hapo, na ukizoea hilo nchi inakuwa orodha ya vituo. Ukichoka kutembea, nje ya miji mikubwa, kwenye mazizi, kuna gari la farasi linalokupeleka mji mwingine kwa sarafu chache. Hilo ruhusa. Na ukipotea kabisa mlimani, kuna uchawi mdogo uitwao Clairvoyance, unachora mstari wa nuru mpaka unakokwenda. Ununue mapema ukiuona dukani.

Kaburi la kwanza

Bleak Falls Barrow, kaburi la kale, iko juu ya Riverwood. Vuka daraja, panda upande wa magharibi. Mwenye duka la Riverwood atakuwa amekwambia kaibiwa kucha ya dhahabu, kwa hiyo mpitie yeye kwanza upate malipo mara mbili kwa safari moja. Njiani kuna mnara wa wahalifu. Usiingie mbio, piga mishale kutoka nyuma ya jiwe.

Ndani, kitu cha kwanza cha kukusimamisha ni mawe matatu yanayozunguka na mkono wa chuma mbele yake. Aliyeuvuta mbele yako amelala pale pale, mishale mwilini, basi jifunze kwake. Tazama ukutani juu. Kimoja cha vichwa vya mawe kimeanguka, kiko sakafuni. Zaidi ya hapo sisemi. Mbele kuna buibui mkubwa kuliko punda, mpige kutoka mlango mwembamba asioweza kupita. Mwizi wa kucha amenaswa utandoni, atakubembeleza umfungue. Mfungue, halafu usimkimbilie anapotoroka. Nenda polepole nyuma yake ukitazama sakafu, utajua kwa nini.

Ukiona sakafu inang'aa mafuta na taa inaning'inia juu yake, subiri maiti wanaofufuka humo wasimame juu ya mafuta, kisha ipige taa kwa mshale. Ile shangwe ya barazani siku kijana alipoligundua hilo mwenyewe ilimwamsha punda wa jirani.

Mlango wa kucha sasa. Fungua mfuko wako, ichague kucha, ikuze, uizungushe kwa kipanya. Nimekwisha kukwambia mengi kuliko yule wa tatu. Nyuma ya mlango kuna ukuta wenye maandishi yanayokuvuta. Kabla hujaukaribia, F5. Jeneza lililo karibu si la mapambo. Ukishindwa ana kwa ana, rudi nyuma hadi kwenye daraja na upinde. Ukimaliza usirudi ulikotoka, iko njia ya kutokea mbele yako.

Mzigo

Unaanza na uwezo wa kubeba 300. Ukizidisha, unatembea kama mchukuzi wa mawe na kuruka kwa ramani hakuna. Kila leveli ukichagua stamina, yaani nguvu za mwili, unaongezewa 5 za mzigo. Sarafu, mishale na vifungua kufuli havina uzito. Mifupa ya joka ina uzito wa 15 kwa mmoja, na kila mtu hujaza mfuko siku ya joka la kwanza, akalia. Kipimo changu ni hiki: kitu kisichofika sarafu 10 kwa kila uzito wa 1, kiache. Mabakuli, mifagio na panga za chuma za wahalifu ni takataka.

Wauza duka wa kawaida wana sarafu 750 au karibu na hapo, zikiisha zimeisha, mpaka saa 48 za gemu zipite. Gawanya mauzo yako miji miwili mitatu. Na usiweke mali yako kwenye pipa la mtu au sanduku la pangoni. Baada ya siku kadhaa mahali hapo hujipanga upya na mali inapotea. Nunua nyumba katika mji wa Whiterun, sarafu 5,000, wakuu wa mji wakishakuruhusu.

Hizo sarafu zitatoka wapi? Mashambani. Ngano na ua la buluu la milimani liitwalo Blue Mountain Flower, vikichanganywa kwenye meza ya dawa, vinatoa dawa inayoponya na kuongeza uhai, na inauzika vizuri. Vyote viwili vimeota tele kuzunguka Whiterun. Ukipata kidole cha mguu cha jitu, kichanganye na ngano uone bei.

Majitu na ngazi

Kidole hicho usikifuate mapema. Majitu huchunga tembo wenye manyoya nyikani karibu na Whiterun, na hayaanzi ugomvi. Ukisogea sana jitu hukugeukia na kuinua rungu, hilo ni onyo. Ukibaki, pigo moja litakurusha angani mpaka uone nchi nzima chini yako. Kila mtu huku amerushwa mara moja. Mzee nahodha aliomba tumwonyeshe tena.

Kwenda High Hrothgar, makao ya watawa, unapanda mlima kutoka kijiji cha Ivarstead, kwa njia waiitayo ngazi 7,000. Hazifiki idadi hiyo, usijisumbue kuzihesabu. Kijijini kuna mtu atakayekuomba upeleke mzigo wa chakula juu, kubali, ni njia yako. Pita kila jiwe lenye maandishi ulisome, yako 10, na ukiyamaliza yote wanyama hawatakushambulia kwa siku nzima ya gemu. Sehemu ya juu kuna nyani mweupe wa barafu, frost troll, naye huua wageni wengi kuliko majoka. Anaogopa moto. Ule uchawi wa Flames uliozaliwa nao unatosha, ukimpiga huku unarudi nyuma, na usimruhusu akushike kwenye ukingo.

Mpanda farasi

Mwezi uliopita yule kijana wa kucha alikuja akasema amemwona mtu juu ya farasi, usiku, njiani, na mtu yule hana kichwa. Hakuna aliyemwamini. Mmoja akasema ni jini la kompyuta, mwingine kwamba kadi yake ya picha imeharibika. Akaapa. Tukamwambia aandike daftarini, akaandika, safu ya mwendo akaiacha wazi kwa sababu alimkimbia.

Wiki iliyofuata wawili wengine walimwona, kila mmoja barabara yake. Hutokea kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri, hana mahali maalumu, wala hakushambulii. Ukimwona, usiruke kwa ramani na usilale. Mfuate, hata akikuacha, shika upande aliokwenda. Yule kijana alimfuata safari hii mpaka mwisho, peke yake, saa saba ya usiku, mama yake akimwita alale. Asubuhi alilifungua daftari, akajaza mwendo: kahawa tatu. Safu ya ndani akaichora kistari.